Msumeno wa Babu Usiuzwe kwa Kilo

Kabla kijana wa vyuma chakavu hajapita tena mtaani kwenu na mkokoteni wake, nina ombi. Ingia stoo, angalia darini, fungua na lile sanduku la mbao ambalo halijaguswa tangu mzee wenu alipofariki, uone kama hamna msumeno. Nyumba iliyowahi kuwa na seremala, au hata mtu aliyejijengea banda la kuku kwa mkono wake, mara nyingi haiukosi. Utaukuta umeota kutu, mpini unacheza, na meno yamekuwa butu hata ukiyapitishia kidole hayakukwaruzi. Watoto wa nyumbani wanauona kipande cha bati. Siku yoyote unaweza kutiwa kwenye mzani pamoja na vyuma vya baiskeli, ukauzwa kwa kilo.

Msumeno mzima wa mkono haufiki kilo moja. Fedha utakayopewa hainunui hata kilo ya sukari. Nao msumeno huohuo, ukipata tupa na siku moja ya kazi, unaweza kurudi mikononi mwa kijana seremala ukamkatia kenchi, papi na miguu ya meza kwa miaka mingi. Ndiyo sababu ya wito huu. Nawaomba wenye misumeno ya zamani wasiiuze, wanaojua kuinoa wasiufiche ujuzi huo, na sisi wengine tuwasaidie wakutane.

Nianze na chuma chenyewe, maana thamani iko humo. Misumeno mingi mizuri ya zamani iliyobaki kwetu iliingia wakati wa Mwingereza na miaka ya mwanzo ya uhuru. Sugua kutu taratibu katikati ya bapa, usiwe na pupa, na mara nyingi yatajitokeza maandishi yaliyochorwa kwa asidi: jina la kiwanda, na chini yake Sheffield. Huo ni mji wa kaskazini mwa Uingereza ambako Benjamin Huntsman, aliyekuwa fundi saa, alibuni katika miaka ya 1740 namna ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu, akapata pua iliyo sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kipande. Kwenye mji huo viwanda vya misumeno vilistawi kwa vizazi; Spear & Jackson, jina linalojulikana sana kwa maseremala, asili yake ni mwaka 1760. Ukibahatika kukuta jina la Disston, huo umetoka Philadelphia, Marekani. Henry Disston alizaliwa Uingereza mwaka 1819, akavuka bahari akiwa kijana mdogo, akafungua karakana yake mwaka 1840, na kabla ya karne ile kwisha kiwanda chake kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani kwa kazi hiyo.

Hata kama maandishi yamefutika, chuma kinajieleza chenyewe. Shika mpini kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ulipinde bapa kama upinde, kisha uliachie. Msumeno mzuri unarudi ukanyooka. Ligonge kwa ukucha, utasikia linalia kwa muda, si kishindo kifupi cha bati. Kisha bana bapa kati ya vidole viwili, kwanza karibu na meno, halafu mgongoni. Misumeno ya wakati ule iliyotengenezwa kwa uangalifu haina unene mmoja: ni minene kwenye meno na inapungua kuelekea mgongoni, ili ikiingia ndani ya mbao isibanwe. Fundi wa kiwandani alilisugua bapa lile kwenye jiwe kubwa mpaka likafikia hali hiyo. Kazi hiyo haionekani kwenye mzani wa vyuma chakavu.

Sasa linganisha na msumeno unaouzwa leo katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, wenye mpini wa plastiki wa rangi. Tazama ncha za meno yake. Ukiona zina weusi au buluu iliyokoza, meno hayo yamekomazwa kiwandani kwa joto la umeme la muda mfupi sana, yakawa magumu kuliko tupa. Siusemi vibaya. Unakata vizuri, na unakaa na makali muda mrefu. Lakini yakiisha, yameisha. Tupa inateleza juu ya meno hayo bila kushika, na mwenye msumeno hana la kufanya ila kwenda dukani tena. Kwa mtu anayekata ubao mmoja kwa mwaka haidhuru. Kwa kijana aliyetoka chuoni juzi, anayetafuta kodi ya kibanda na pesa ya mtaji kwa wakati mmoja, kununua msumeno mpya kila wa zamani ukichoka ni tundu kwenye mfuko wake. Msumeno wa babu hauna tabia hiyo. Meno yake ni magumu kiasi cha kukata mbao na laini kiasi cha kukubali tupa, na ukiyamaliza haya ya sasa, fundi anachonga mengine palepale, hadi bapa lenyewe liwe jembamba mno.

Najua yupo atakayesema kwamba zama za msumeno wa mkono zimepita, kwamba pale Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, mbao zinapasuliwa kwa mashine. Ni kweli, na mashine ni neema. Lakini tunaukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, na wa 2011, na ule wa 2023. Tunakumbuka karakana zilivyokaa kimya huku mteja akipiga simu kuulizia kitanda chake. Fundi aliyekuwa na msumeno unaopata alifanya kazi hata siku hizo, polepole, lakini alifanya. Na tusiwasahau wale ambao umeme haujawafikia au umefika lakini hawana mtaji wa mashine: fundi anayekwenda kupaua nyumba kijijini na vifaa vyake vimefungwa nyuma ya baiskeli, au mafundi wa majahazi wa Nungwi na Matondoni, ambao mbao zao zina mipindo isiyopita kwenye meza ya mashine yoyote. Kwa watu hao, msumeno mkali ndio siku yao ya kazi. Msumeno butu unawachosha, unawapotezea mstari, unawaharibia mbao waliyoinunua kwa shida.

Mbao zetu zenyewe hazina huruma na meno. Mvule huweka ndani ya shina lake vijiwe vya chokaa; seremala anakata vizuri, mara anasikia msumeno umegonga jiwe, na meno kadhaa yameondoka makali papo hapo. Mnazi ni mgumu ajabu upande wa nje wa gogo na unamaliza makali haraka. Mpingo hauhitaji kuelezwa. Hata paini za Sao Hill, ambazo ni laini, zikiuzwa mbichi huubana msumeno na kuupaka utomvu. Kwa hiyo kunoa hakuepukiki, ni sehemu ya useremala kama kupiga randa. Wazee walisema kinolewacho hupata, na maseremala wa zamani waliishi hivyo: tupa ilikaa sanduku moja na msumeno.

Kutu isikutishe. Kwanza fungua skrubu za mpini, utoe bapa peke yake. Lilaze juu ya ubao ulionyooka, lipake mafuta ya taa, uliache yaingie, kisha lisugue kwa msasa wa maji uliozungushiwa kipande cha mbao, ukifuata urefu wa bapa. Pale penye maandishi pita kwa mkono mwepesi, maana yakifutika hayarudi. Wapo wanaoliloweka kwenye siki usiku kucha. Inafanya kazi, mradi asubuhi ulioshe vizuri, ulikaushe upesi na kulipaka mafuta, la sivyo kutu inarudi kabla ya adhuhuri. Kutu ya juu juu ikiondoka na kuacha madoa meusi, usihangaike nayo. Msumeno haukati kwa weupe. Kinachotia wasiwasi ni mashimo ya kutu kwenye mstari wa meno, kwa sababu jino lililoliwa na kutu halishiki makali. Tazama pia kama bapa limenyooka: lielekeze jicho kutoka kisigino hadi ncha, meno juu, kama mtu anayekagua mstari wa ukuta. Limepinda kidogo, fundi analinyoosha. Limevunjika mkunjo, hilo ni gumu, na hapo ndipo ninapokubali litumike kwa kazi nyingine, mathalani kukatiwa visu vya bustani.

Mpini ukiwa umeoza au umeliwa na mchwa, chonga mwingine kwa mpera au mninga, ukiutumia ule wa zamani kama kielelezo. Usiubuni upya. Waliochonga mipini ile walijua kiganja kinakaa wapi na kidole cha shahada kinaelekea wapi. Halafu mafuta ya cherehani kidogo juu ya bapa lote, na kazi ya kusafisha imekwisha.

Kunoa ndiko kwenye ufundi, na hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza kitu. Mzee mmoja seremala wa Morogoro alinikaribisha benchini kwake nimtazame. Nilimwamkia, “Shikamoo mzee,” akaitikia, “Marahaba mwanangu, sogea huku kwenye mwanga,” na baadaye nikaelewa kwamba mwanga ni zana ya kwanza ya kazi hii. Benchi lake liko chini ya dirisha. Alilibana bapa kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao, meno yakachungulia juu kidogo tu, si zaidi ya unene wa penseli. Alipoona nashangaa kwa nini ameyaacha chini namna ile, aliniambia nisubiri nisikie. Akalegeza jiliwa kidogo, akapitisha tupa, na msumeno ukapiga yowe la kutia ganzi meno yangu mwenyewe. Akakaza tena. Safari hii tupa ilitoa sauti ndogo, nzito, yenye kula chuma. “Ikipiga kelele simama,” alisema, “bapa linacheza, na tupa yako inakufa.”

Kabla ya yote hayo alikuwa amepitisha tupa bapa juu ya meno yote, kutoka kisigino hadi ncha, mara mbili tatu, kwa wepesi. Kila jino lililoguswa lilipata nukta inayong'aa kileleni. Hapo ndipo ule mwanga wa dirisha unapofanya kazi: jino refu lina nukta pana, jino fupi lina nukta ndogo, na lililo chini kabisa halina. Msumeno ule ulikuwa umenolewa ovyo kwa miaka, na nukta zake zilikuwa zimepanda na kushuka. Msumeno wa namna hiyo hukata kwa meno machache marefu huku mengine yakisindikiza tu. Alirudia kupitisha tupa bapa mpaka kila jino likapata nukta yake.

Kisha akayapinda meno, moja kulia, la pili kushoto, hadi mwisho, akageuza. Maduka huuza koleo maalumu za kupindia, lakini yeye alitumia fuawe ya kipande cha reli na nyundo ndogo. Alisisitiza jambo ambalo wengi hulikosea: hupindwa nusu ya juu ya jino tu. Ukilipinda kutoka shinani linakatika. Kupinda huko ndiko kunakoifanya njia ya msumeno ndani ya mbao iwe pana kuliko bapa, nalo bapa lisibanwe. Kwa mbao mbichi na laini meno hupindwa zaidi. Kwa mninga mkavu hupindwa kidogo sana, maana ukizidisha unakata mbao mara mbili bila sababu na mkono unachoka bure.

Ndipo ikaja tupa ya pembe tatu. Hapo alinieleza tofauti ambayo kila mwanafunzi wa useremala angepaswa kuijua wiki ya kwanza. Meno ya msumeno wa kupasulia, unaofuata nyuzi za mti, ni safu ya patasi ndogo ndogo, kwa hiyo tupa husukumwa moja kwa moja, ikiwa imekingama bapa kwa pembe mraba. Meno ya msumeno wa kukatia, unaokatiza nyuzi, ni safu ya visu, kwa hiyo tupa hushikwa mshazari, yapata digrii 20 hadi 25, ili kila jino lipate makali ubavuni. Msumeno wa kupasulia huwa na meno manne hadi sita kwa inchi. Wa kukatia huwa na saba na kuendelea, na msumeno mdogo wenye mgongo wa shaba, ule wa kukatia ndimi, hufika kumi na zaidi. Ukinoa wa kukatia kwa namna ya wa kupasulia, utachana mbao badala ya kuikata, na utadhani msumeno ni mbovu.

Alinoa bonde moja, akaruka moja, akanoa la tatu. Tupa mbele, inua, rudi, tupa mbele. Haiburuzwi kurudi nyuma kamwe, kwa kuwa meno ya tupa nayo hukata upande mmoja. Mara mbili au tatu kila bonde, kwa nguvu ileile na idadi ileile, macho yakiwa kwenye ile nukta inayong'aa. Nukta ilipopungua nusu alihamia bonde jingine. Alipomaliza upande mmoja aligeuza bapa, akaingia kwenye mabonde aliyoyaruka, na sasa nukta zilizobaki zikawa zinatoweka moja baada ya moja. Jino ambalo nukta yake imetoweka ndiyo kwanza limekuwa kali. Ukiongeza hata mpigo mmoja unalifupisha. Msumeno wa inchi 26 wenye meno manane kwa inchi una meno zaidi ya 200, na hakuna hata moja alilolipita bila kulitazama.

Mwisho alimwomba mjukuu wake sindano. Aliuinua msumeno meno yakiwa juu, akailaza sindano kwenye kisigino, katikati ya ile mistari miwili ya ncha zilizopindwa kulia na kushoto, akainamisha ncha ya msumeno taratibu. Sindano iliteleza ndani ya mfereji ule kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuanguka. Hicho ndicho kipimo chake cha msumeno wa kukatia, na sijaona kipimo kizuri kuliko hicho. Alichukua kipande cha mninga, akachora mstari kwa guni, akakata. Hakuwa anausukuma msumeno. Alikuwa anauongoza, na uzito wake wenyewe ndio uliokuwa unakata.

Nilimuuliza amewafundisha wangapi. Wamekuja wengi kujifunza randa na kupiga rangi, aliniambia, lakini tupa ya pembe tatu hawaiulizi, kwa sababu hawajui kwamba iko ya kuulizwa.

Wakati sisi tunauacha ujuzi huu usahaulike, wapo wanaoutumia kwa ajili yetu. Huko Netley Marsh, karibu na Southampton, kusini mwa Uingereza, kuna shirika la hisani liitwalo Tools for Self Reliance. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wake wamekuwa wakikusanya zana za mkono ambazo wenyewe hawazihitaji tena, misumeno ikiwemo. Watu wa kujitolea huziondoa kutu, huzinoa, huzipanga kwenye masanduku na kuzituma kwa mafundi wa nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Ziko karakana zetu zilizopata uhai kwa zana hizo, nami nawashukuru kwa dhati. Lakini tujiulize kwa upole: inakuwaje msumeno wa Sheffield usuguliwe kutu na mstaafu wa Hampshire, upande meli, uvuke bahari mbili kuja kwa fundi wetu, wakati mwenzake wa kiwanda kilekile, uliokuwa tayari hapa, unayeyushwa kuwa nondo? Kazi wanayoifanya wao, tuna mikono ya kuifanya hapahapa.

Wito wangu sasa naugawa kwa makundi ya watu wanaohusika.

Wewe uliyerithi sanduku la zana, usiligawe kwa haraka. Mtafute seremala unayemwamini akusaidie kutambua kilichomo. Kama huna mtoto wa kulirithi, liko chaguo la kumpa kijana wa mtaa anayejifunza kazi, kwa masharti mepesi: aunoe msumeno, autumie, na akija kupata zaidi naye ampe mwingine. Msumeno ukae kazini.

Ndugu zetu wa vyuma chakavu, msidhani nawagombeza. Mnafanya kazi halali na mitaa ni safi zaidi kwa sababu yenu. Ninachoomba ni kwamba msumeno ukiingia kwenye mzani muuweke kando. Seremala atawapa zaidi ya tanuru, nanyi mtakuwa mmefanya biashara bora.

Wenye maduka ya vifaa, tupa mnazouza kwa wingi ni zile bapa za kunolea mapanga na majembe. Tafadhali wekeni pia tupa nyembamba za pembe tatu, za inchi nne, tano na sita. Tupa nene haiingii kwenye bonde la meno madogo, inayafuta tu. Fundi akikosa tupa sahihi anashika iliyopo, na huo ndio mwanzo wa misumeno mingi kuharibika. Na ninyi wanoa visu mnaozunguka na baiskeli, mtaji wa wateja mnao tayari. Ongezeni kunoa misumeno. Ombi moja tu: msumeno usiguswe kwa jiwe linalozunguka wala kwa grainda. Jino dogo hupata moto kwa sekunde, likibadilika rangi kuwa buluu limeshapoteza ugumu wake, na hakuna tupa ya kulirudishia.

Wakuu wa vyuo vya VETA, wa vyuo vya maendeleo ya wananchi, na wa shule ambazo zimepokea mkondo wa amali katika mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024, ninyi ndio mlioshika ufunguo mkubwa. Mwanafunzi asimalize useremala kabla hajanoa msumeno kutoka butu hadi sindano iteleze. Haihitaji bajeti ya mashine. Inahitaji jiliwa, tupa tatu, misumeno chakavu kutoka mtaani, na mzee mmoja mwalikwa anayelipwa posho yake kwa heshima. Wasichana nao wakae mbele darasani, si pembeni. Kazi ya tupa ni ya jicho na utulivu, haiulizi misuli.

Madiwani, wenyeviti wa mitaa na kamati za shule, nawaletea pendekezo linaloweza kuanza mwezi huu. Mwaka 2016, baada ya elimu bila ada kujaza madarasa, nchi nzima ilihangaikia madawati, na wengi tulichangia. Nenda leo nyuma ya majengo ya shule ya msingi iliyo karibu nawe, kuna uwezekano mkubwa utakuta rundo la madawati yaliyovunjika mguu au kung'oka ubao, yananyeshewa. Mengi yanahitaji mkato mmoja ulionyooka, gundi na misumari. Chagueni Jumamosi moja. Watu waje na misumeno yao yenye kutu, mafundi wawili watatu wanaojua kunoa wakae chini ya mwembe na jiliwa zao, vijana wajifunze kwao asubuhi, na mchana misumeno hiyohiyo iliyonolewa ikatengeneze madawati. Jioni kila mtu anarudi na msumeno wake unaopata, na Jumatatu watoto wanakaa.

Tangazo lipite msikitini, kanisani na kwenye kundi la simu la mtaa. Anayekuja alete msumeno, msasa, kitambaa cha kufutia na mafuta ya cherehani. Mwenye tupa aje nayo lakini asiianze kabla fundi hajaona meno. Misumeno yenye ncha nyeusi za kiwandani ibaki nyumbani, siku hiyo haitasaidika. Wekeni meza ya kunolea mbali na watoto wadogo, na unga wa chuma usipulizwe kwa mdomo, ufutwe kwa brashi. Kama katika kata nzima amebaki mzee mmoja tu anayejua kazi hii na macho yake yamepungua, mfuateni na gari au bodaboda, apewe kiti palipo na mwanga, vijana washike tupa na yeye apapase meno kwa kidole awaambie lipi bado liko juu. Chai iwe tayari mapema, kwa sababu misumeno kumi ikinolewa kwa zamu itachukua asubuhi yote.